Kipepeo wa Taita na Kenge wa Komodo

Mto Sondu unaposhuka kutoka nyanda za juu za Kericho kwenda Ziwa Victoria, na baridi ya milimani inapokwisha, kenge huonekana akiota jua juu ya mawe. Ndiye mjusi mrefu kuliko wote wa Afrika. Hula samaki, kaa, vyura na mayai, na kifaranga cha kuku kila apatapo nafasi. Kwa sababu hiyo hapendwi na mtu, walakini hayumo katika hatari ya kutoweka. Kenge huyu ana ndugu yake mkubwa zaidi ng'ambo ya Bahari ya Hindi, naye yumo hatarini. Tena huku kwetu Kenya, katika vilima vya Taita, yuko kipepeo asiyezidi kiganja cha mkono, ambaye naye yumo hatarini. Insha hii yawalinganisha hao wawili.

Mwanafunzi wa Kericho au Bomet aweza kuuliza kwa haki: viumbe hawa yatuhusu nini habari yao, na wote wawili hawapo kwetu? Jibu langu ni kwamba historia yao haieleweki vema ila kwa mtu aliyesimama mahali msitu unapokoma na shamba linapoanza. Mpaka wa namna hiyo twauona kwetu kila siku, umenyooka kama uliokatwa kwa kisu: upande huu michai imepunguzwa kimo sawasawa, upande ule miti imesongamana na tumbili wanalia. Baada ya kuwatazama hao wageni wawili tutarudi kwenye mpaka huo.

Komodo ni kisiwa kidogo cha Indonesia, kati ya Sumbawa na Flores. Huko, na katika visiwa vya jirani kama Rinca na Gili Motang, na katika sehemu chache za Flores penyewe, ndiko aishiko kenge huyu, wala hapatikani porini mahali pengine popote duniani. Dume aliyekomaa aweza kufika urefu wa mita 3 na uzito wa kilo 70 au zaidi. Huvizia kulungu na nguruwe mwitu, hata nyati wa kufugwa aliyepotea njia. Kwa muda mrefu watu walisadiki kwamba mnyama aliyeumwa hufa kwa uchafu wa mate ya kenge tu. Mwaka 2009 wataalamu walieleza kwamba taya lake la chini lina tezi za sumu. Watoto wake, wakisha kuanguliwa, hupanda mitini mara moja na kukaa huko, kwa kuwa wakubwa huwala wadogo bila kuuliza ni wa nani.

Wenyeji wa kisiwa hicho, waitwao Ata Modo, humwita mnyama huyu ora. Hadithi yao ya kale yasema kwamba binti mfalme alizaa pacha, mmoja mwanadamu na mmoja ora, na ya kuwa kwa hiyo watu na kenge hao ni ndugu. Mkipsigis hawezi kulicheka jambo hilo. Koo zetu nazo zina wanyama wao, na mtu wa ukoo hakumdhuru mnyama wa ukoo wake bila sababu kubwa. Basi kabla ya serikali yoyote kuandika sheria, kenge wa Komodo alikuwa tayari na wakili wake, yaani undugu.

Wazungu walichelewa kumjua. Mwaka 1912 Peter Ouwens, aliyekuwa mkuu wa makumbusho ya wanyama huko Bogor katika kisiwa cha Java, alichapisha habari zake kwa mara ya kwanza. Nchi hiyo ilikuwa chini ya Waholanzi. Mara habari zilipoenea, wawindaji na wakusanyaji wakaanza kumtamani, na mwaka 1915 Sultani wa Bima, ambaye milki yake ilienea hata Komodo, akatoa amri ya kumlinda. Angalieni tarehe hizo: miaka 3 tu kutoka jina mpaka sheria. Mwaka 1926 Mmarekani W. Douglas Burden alikwenda huko na msafara, akarudi New York na kenge wawili walio hai pamoja na wengine waliokufa; safari hiyo ikawa miongoni mwa mambo yaliyozaa filamu ya King Kong ya mwaka 1933. Mwaka 1980 ikaanzishwa Hifadhi ya Taifa ya Komodo, na mwaka 1991 UNESCO ikaiweka katika orodha ya urithi wa dunia. Mnyama mwenye sura ya joka hakosi mashabiki.

Pamoja na hayo yote, mwaka 2021 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile lilimhamisha kenge huyu kutoka daraja la wanyama walio katika mashaka, likamtia katika daraja la walio hatarini kutoweka. Wakubwa wanaoweza kuzaa walikadiriwa kuwa pungufu ya 1,400. Sababu si bunduki. Bahari inapanda na hali ya hewa inabadilika, nayo mabonde ya chini anayoishi yanatazamiwa kupungua. Na huko Flores, nje ya hifadhi, mashamba na vijiji vinamsogelea. Hata ndani ya mipaka yake ameonja msiba: katika kisiwa cha Padar alitoweka katika miaka ya 1970, baada ya watu kuwinda mno kulungu aliokuwa akiwala.

Sasa tumtazame kipepeo. Vilima vya Taita vyainuka ghafla kutoka nyika ya Tsavo, na kilele chao kirefu, Vuria, chapita mita 2,200. Msafiri wa gari moshi kati ya Mombasa na Nairobi huviona kwa mbali vikiwa vimevaa mawingu, naye amezungukwa na mavumbi na miiba. Mawingu hayo hutoka Bahari ya Hindi, na kwa ajili yake vilima vilikuwa na msitu tangu zama ambazo hakuna ajuaye hesabu yake. Taita ndiyo pembe ya kaskazini ya safu ya milima ya kale iendeleayo Tanzania kupitia Upare, Usambara na Uluguru hata Udzungwa. Kwa kuwa kila mlima umetengwa na mwenzake kwa nyika kavu, viumbe vya kila mmoja vimekuwa na desturi zao na maumbo yao. Taita wapo ndege wasioonekana kwingine, na wapo vipepeo watatu walio wa huko tu.

Mmoja wa hao watatu ni huyu wetu. Ni mweusi, na katikati ya mabawa yake wapita mkanda wa rangi ya buluu iliyochanganyika na kijani, unaometa akipita penye mwale wa jua. Aliyemtambulisha kwa wataalamu, mwaka 1960, ni Dakta V. G. L. van Someren, ambaye kwa kazi alikuwa daktari wa meno mjini Nairobi, na kwa mapenzi alikuwa mtu wa ndege na vipepeo. Kwa miaka mingi alisimamia makumbusho ambayo baadaye yalikuwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Wataalamu hawajapatana kama kipepeo huyu ahesabiwe kuwa aina kamili peke yake au tawi la aina nyingine ya jamii yake. Kenge wa Komodo aliulizwa swali hilo mara moja na likaisha. Twaweza kusema kwamba mdudu huyu anaelekea ukingoni na hata jina lake la ukoo halijathibitishwa.

Wala msidhani kwamba Wataita wenyewe walingojea daktari wa meno ndipo wakione kipepeo. Kuona na kuandika ni vitu viwili, nayo historia ya elimu ya viumbe imejaa wanyama ambao wenyeji waliwajua sana kabla ya mtu kuwabandika kwa pini.

Tofauti kubwa ya viumbe hivi viwili, kwa maoni yangu, haiko katika ukubwa bali katika chakula. Kenge hachagui. Akikosa kulungu atakula nguruwe, akikosa nguruwe atakula mzoga ulioletwa na mawimbi pwani, na akishiba aweza kukaa siku nyingi bila kula. Kipepeo mkubwa anywaye asali ya maua naye hana shida. Lakini kiwavi wake ana masharti makali. Vipepeo wa jamii hii hutaga juu ya miti ya msituni iliyo ya ukoo mmoja na mchungwa, wala si juu ya kila mti. Mama huruka chini ya kivuli, hutua juu ya jani, huligusa kwa miguu yake ya mbele ambayo ndiyo ulimi wake wa kuonjea, na likiwa silo huondoka bila kutaga. Basi kumwua kipepeo wa Taita hakuhitaji kumgusa. Yatosha kukata mti.

Na miti ilikatwa. Katika vilima vile vyenye rutuba na mvua, watu waliongezeka na mashamba yakapanda juu. Wakati wa ukoloni serikali nayo ilipanda misonobari na mikaratusi mahali pengi palipokuwa na msitu wa asili. Kilichobaki ni viraka. Ngangao ina kiasi cha hekta 120 tu. Mbololo yaizidi kidogo, bali haifiki hekta 250. Chawia haifiki hekta 100. Yapo mashamba ya chai ya kampuni huku kwetu ambayo moja lingemeza Ngangao nzima na kubakiza nafasi. Kwa kipepeo asiyependa kuruka juani, bonde la mahindi lililoko kati ya kiraka na kiraka ni kama mlango wa bahari ulioko kati ya Komodo na Rinca. Kwa hiyo hao wawili wote ni wakaaji wa visiwa. Ila visiwa vya kenge vilifanywa na bahari katika maelfu ya miaka, na visiwa vya kipepeo vilifanywa na jembe na shoka, hasa katika maisha ya babu zetu na baba zetu.

Hapa ndipo tunaporudi nyumbani. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na muda mfupi baadaye ardhi kubwa ya Wakipsigis ilitwaliwa na kugawiwa Wazungu. Baada ya vita vya 1914–1918 eneo la Kericho lilipewa maofisa wa Kiingereza walioumizwa vitani, walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, na mradi ukafa. Ndipo katika miaka ya 1924 na 1925 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikaingia na chai, mmea ambao ulikuwa umepandwa Kenya kwa mara ya kwanza huko Limuru mwaka 1903. Vilima vikafyekwa. Wakulima wa Kiafrika walikawia sana kuruhusiwa kupanda zao hilo, nao walipata chombo chao hasa ilipoundwa Mamlaka ya Maendeleo ya Chai ya Kenya mwaka 1964. Mashitaka juu ya ardhi iliyotwaliwa hayajaisha hata leo, nayo yastahili insha yake yenyewe.

Ajabu ya chai ni kwamba yataka msitu na haipatani na msitu. Yataka ukungu, mvua isiyokatika na hewa ya baridi, navyo hivyo hushikwa na msitu wa Mau ulioko mashariki yetu. Hutaka pia kuni za kukaushia majani kiwandani, na kwa ajili hiyo mikaratusi imepandwa vilima kwa vilima. Mwenye shamba hukata miti apate mahali pa kupanda chai, kisha huomba miti ya jirani yake isikatwe ili chai isikauke. Mwaka 1986 serikali ilianzisha Maeneo ya Chai ya Nyayo, yaani mikanda ya michai iliyopandwa kuuzunguka msitu, ili mkulima asiupenye. Kwa hiyo zao lililoondoa msitu liliajiriwa kuulinda. Mahali pengine mlinzi huyo alifanya kazi yake; mahali pengine ilibidi kwanza msitu ukatwe ili apate pa kusimama.

Pigo kubwa lilikuja mwaka 2001, serikali ilipoondoa katika msitu wa Mau hekta zipatazo 60,000 ili zigawiwe watu. Katika hizo, karibu hekta 23,000 zilitoka katika Mau ya Kusini-Magharibi, yaani upande wetu. Zidisheni Ngangao mara 190, mtapata kipande hicho. Mwaka 2009 serikali ikageuka na kuanza kuwatoa watu waliokaa msituni; wengine walikuwa na hati mikononi, wakalala kando ya barabara chini ya maturubai. Katika mabishano ya miaka hiyo nilisikia yakitajwa maji ya mto Mara, unaotokana na Nyangores ipitayo Bomet na mwenzake Amala. Nilisikia umeme wa Sondu-Miriu, chai, kura na hati za mashamba. Mdudu sikusikia akitajwa hata mara moja.

Silaumu mtu kwa hilo. Aliyetolewa nyumbani mwake na watoto hawezi kuambiwa afikirie mabawa. Lakini mwanahistoria yampasa kuona nani alipata msemaji na nani alikosa. Kenge wa Komodo ana msemaji kwa sababu ni mkubwa, anatisha, na watu wako tayari kulipa fedha kumwona. Mapatano ya kimataifa ya biashara ya wanyama wa porini, yaliyoanza kutumika mwaka 1975, yamempa ulinzi wa daraja la juu kabisa. Huhesabiwa kila mara, na mayai yake hulindwa. Hata alipozaa bila dume katika bustani za wanyama za London na Chester, magazeti ya dunia nzima yaliandika, mwaka 2006. Kipepeo wa Taita akipungua, wanaojua ni watu wachache wenye nyavu na madaftari.

Umashuhuri nao una gharama zake, na wenye kuzilipa si kenge. Mwaka 2019 wakuu wa jimbo walitangaza kwamba kisiwa cha Komodo kitafungwa kwa muda na wakaaji wake kuhamishwa. Ata Modo, ndugu wa ora kwa hadithi yao wenyewe, walikataa, na shauri hilo likaachwa mwaka huo huo. Mwaka 2022 serikali ilipotaka kupandisha kiingilio mpaka rupia milioni 3.75, watu wa Labuan Bajo wenye mashua na hoteli waligoma, na kiingilio kikaahirishwa. Msomaji wa Kericho ataukumbuka upesi mfano wa karibu. Waogiek, ambao wamekaa Mau tangu kale wakirina asali, walitolewa mara nyingi kwa jina la kuulinda msitu. Waliishitaki serikali ya Kenya, na tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu huko Arusha iliamua kwamba haki zao zilivunjwa. Mahakama ilikataa hoja ya kwamba wao ndio walioharibu msitu.

Je, kipepeo hawezi kumpa jirani yake faida kama kenge anavyowapa wenye mashua? Jambo hilo limejaribiwa pwani. Huko Gede, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, ulianzishwa mwaka 1993 mradi uitwao Kipepeo, chini ya Makumbusho ya Taifa. Wakati ule majirani wengi wa msitu walitaka ukatwe wagawiwe mashamba. Mradi uliwafundisha kufuga viwavi majumbani mwao kwa majani ya msituni. Viwavi wakisha kujifunga katika maganda, hupelekwa Ulaya kwa ndege, nao huanguka kuwa vipepeo mbele ya watazamaji katika nyumba za vioo. Mkulima ambaye kiwavi wake hula jani la mti fulani hana haja ya kuhubiriwa juu ya mti huo. Walakini wauzwao hivyo ni vipepeo walio wengi na wazaao upesi. Yule aliyebaki katika viraka vya Taita hawezi kubeba mzigo wa biashara.

Kwa ajili yake kazi ni nyingine, nayo ni ya polepole. Vikundi vya wanakijiji huko Taita huotesha miche ya miti ya asili na kuipanda mahali pa misonobari na mikaratusi ya zamani, wakinuia kukipanua kiraka na kukikaribisha kwa mwenzake. Miti ya kigeni haing'olewi yote kwa mara moja, kwa kuwa mche wa asili hupenda kuanza maisha yake chini ya kivuli. Huachwa msonobari usimame juu yake kama yaya, kisha hupunguzwa kadiri mche upandavyo. Ukipita chini ya miti hiyo leo utaona vijiti vyembamba vimesimama katika majani makavu ya msonobari. Vingi havijafika kimo cha bega la mtu.